Chotara

Ng'ombe wetu ni chotara, bwana mifugo alimpigia makofi.
Mahindi ni chotara, mfuko una picha ya mkulima anayecheka.
Hata sisi, Anaeli: mama wa Marangu, baba wa King'ori.
Shangazi alisema siku tuliyopewa majina,
"Hawa watabeba milima miwili."
Wewe ukaenda ukachanganya kisichopigiwa makofi.

Ulianza na ile ya zamani, ya huku huku Meru,
ndefu kama kijana wa sekondari, majani membamba,
inayochelewa kukomaa,
vuli inaikuta bado inajifikiria.
Kisha mbegu saba ndani ya kopo la dawa ya viatu,
ulizopewa na mpagazi, aliyepewa na mgeni kule Momella:
hiyo fupi, nene, jani kama kiganja cha mwashi.
Ukazikutanisha nyuma ya migomba,
ukaandika tarehe kwenye daftari la nyumba
chini ya deni la pumba.

Kahawa ya babu ilikufa kwa chulebuni
na wewe umelala.
Lakini huo mmea uliuamkia kabla ya jogoo,
ukaugeuza jani kwa jani, ukiutafuta mdudu,
kwa vidole ambavyo sikujua unavyo.

Mwezi wa sita harufu ikakomaa kabla ya mmea.
Ganda la limau.
Nyuma yake mafuta ya taa kwenye kitambaa kibichi.
Na ukikaa nayo sana, pera lililopasuka juani.
Ikaingia kwenye blanketi, kwenye unga,
kwenye kitenge cha mama cha kwaya.
Mwinjilisti Akyoo alipiga chafya katikati ya Baba Yetu
akamtazama mama.
Mama akatazama madhabahu.

Nilivuta mara moja. Nakwambia leo.
Usiku umeme umekatika, nyuma ya zizi.
Kwanza utosi ukawa mwepesi, kama nimetua ndoo.
Nikamcheka ng'ombe anavyotafuna,
kwa makini, kama karani anayehesabu fedha za watu.
Nikamaliza kiporo chote cha loshoro.
Kisha saa ikagoma.
Kutoka zizini hadi mlangoni nilitembea miaka,
moyo ukibisha hodi kama mgeni
asiyelijua jina la mwenye nyumba.
Nilikiogopa kivuli cha ndoo.

Mimi mara moja. Wewe kila jioni,
na nilikuona ukisahau polepole:
jembe kwanza, halafu daftari,
halafu zamu yako ya kumwogesha baba.

Walikuja alfajiri, magari matatu.
Wakafyeka kwa mapanga yetu wenyewe.
Moto ukakataa, majani mabichi,
wakamwomba mama mafuta ya taa.
Mama akawapimia robo lita
akadai hela yake.

Sasa vuli imenyesha.
Jana kwenye maharage nimekuta mche mmoja,
vidole saba, si mrefu, si mfupi.
Nikachutama.
Ada ya Eliakunda. Nauli ya Kisongo. Deni la pumba,
ambalo lipo pale pale.
Mkono ulikaa kwenye shina muda ambao sitautaja.

Nikaung'oa.
Nikamtupia ng'ombe, akaunusa, akageuza shingo.
Nikanawa kwa majivu, haikutoka.
Nikanawa kwa limau,
limau ndilo lililoichochea.

Leo, kwenye dirisha la wavu, nimepenyeza vidole viwili.
Umevishika kama mtu anayetaka kusalimia,
ukainamisha uso, ukavuta pumzi.
Askari ametazama kwingine.
Hujauliza habari za baba.
Umeuliza, "Ilikuwa fupi au ndefu?"

Nikasema maharage yanaendelea vizuri.