Chupa ya Achari

Baba alilijenga mwaka wa sitini na moja
kwa tingatinga la kuazima, mkono mmoja kwenye plasta.
Hakuwa na mchoro. Alikuwa na bonde,
kijito kisicho na jina, na watoto wawili
waliochoka kuogea kwenye pipa.
Vilima vya huku Missouri ni mawe matupu;
udongo mfinyanzi aliununua kwa mzee Tackett, lori kwa lori,
akaushindilia hadi usiku,
taa za tingatinga zikienda na kurudi
ukutani mwa chumba chetu.

Bwawa letu halina faida.
Halinyweshi ng'ombe, halisagi nafaka.
Ni la kupigia mbizi, na samaki wa kuvuliwa na kurudishwa,
na gati la mbao ambapo Wendell alinibusu
akakosa shavu, akapata sikio.
Lakini raha nayo ina uzito.
Kila ndoo yake inaliegemea tuta
usiku kucha, haibadilishi bega,
na chini ya tuta, hatua mia tatu,
ipo nyumba ya akina Lindqvist.
Dirisha la watoto linatazama juu.

Daftari la baba halina maneno ya ziada:
Machi. Mashimo mawili ya panya wa majini. Nimeziba.
Juni. Nimefyeka. Nyasi fupi hazifichi.
Oktoba. Majani makavu kwenye mfereji wa kumwagia. Nimezoa.
Kitakoni pana unyevu. Maji maangavu. Nimelala.
Siku yakija na tope, usilale.

Mwerebi hakuuandika.
Mama aliupanda juu ya tuta
wiki aliyotoka hospitali mikono mitupu.
Baba, aliyeng'oa pale kila mche kwa vidole,
alifyeka kuuzunguka, akanyamaza.
Miaka arobaini na minane.
Alipokufa nilirithi daftari, na buti,
na ukimya ule pia.

Wahenga walituonya juu ya ufa na ukuta.
Juu ya udongo hawakusema.
Udongo haupasuki ukasikia. Unaondoka
chembe kwa chembe, kwa adabu,
kupitia njia ambayo mzizi uliitoboa
ukitafuta tu maji ya kunywa.

Aprili hii mvua ilinyesha siku nne.
Kitakoni nikakuta chemchemi
nene kama kifundo cha mkono,
usawa uleule wa mwerebi.
Nikaikinga kwa chupa ya achari,
nikaiweka mezani mbele ya mama, bila neno.
Miaka themanini na minane. Akatafuta miwani.
Akaiinua chupa kwenye taa.
Rangi ya chai ya maziwa.
"Wapigie akina Lindqvist," akasema.
"Watoto watoke na viatu miguuni.
Halafu umwite mtu wa msumeno."

Valvu ilikataa, tukaipiga nyundo, ikakubali.
Watoto walilala kanisani, kwenye mabenchi.
Bwawa likashuka, likaonyesha aibu zake:
tairi, ndoana, meno ya bandia ya mtu
ambaye hakuwahi kukiri.

Kukata hakutoshi. Kisiki kikioza
kila mzizi unageuka bomba.
Ilibidi kuchimba, kuufuata mmoja mmoja,
na mmoja ulikuwa umeshatokea upande wa pili.
Kisha udongo, tabaka la shubiri, shindilia,
tabaka, shindilia.
Mama kwenye kiti cha kukunja, akihesabu.
Alipofika kumi na tisa alitamka jina
ambalo sijawahi kulisikia nyumbani mwetu,
na fundi wa tingatinga, akidhani anaitwa yeye,
akazima injini.

Hakuna aliyemwambia aiwashe.

Chupa bado iko dirishani.
Maji yametulia, maangavu juu,
na chini, unene wa kidole,
tuta letu,
lile lililokuwa limeshaanza safari.