Butere, Mwisho wa Reli

Hapa ndipo reli ilipochoka.
Si mto ulioizuia, si mlima;
ilikuta nguzo mbili za chuma
ikalala.

Anyika ameanika mahindi kwenye jukwaa la stesheni,
chini ya saa isiyo na mishale.
Kuku wanadonoa pale babu zetu walipopanga foleni,
tiketi zikilowa jasho viganjani.

"Ukitaka historia," asema, "lipia chai kwanza."
Nalipa. Aonyesha kwa kidevu:
kule duka la Mhindi, mwaka umechongwa juu ya mlango,
tarakimu ya mwisho imeliwa na mvua,
basi duka hilo huzaliwa mwaka wowote uutakao.
Na kule, penye michongoma, ilikuwa mizani ya pamba.
Mizani mwizi! Ilimeza ratili mbili kila gunia.
Bibi yake hakugomba.
Alitia jiwe katikati ya pamba, akashona mdomo wa gunia,
akapima.
Wakawa sawa, yeye na serikali.

"Wakaligundua?"
"Walimrushia. Akalibeba hadi nyumbani kichwani,
kama mtu aliyetunukiwa."

Naliuliza liko wapi.
Anyika anacheka, anasogeza mguu:
limeegemea mlango wa ofisi ya tiketi,
upepo usiufunge.