Ukuta wa Mama Mbombo

Wachoraji wote wa Lubumbashi wamekwisha kulichora bomba la moshi
na kile kilima cheusi cha masalia ya shaba.
Dirisha langu halifiki huko.
Linaishia hatua saba, kwenye ukuta wa Mama Mbombo:
matofali ya kuchoma, vigae vya chupa juu kwa ajili ya wezi,
na mjusi mmoja asiye na mkia.

Basi nachora ukuta.

Kituo cha afya hapa Katuba wamesema: ndani,
sahani yako, kijiko chako, mlango wako,
mpaka makohozi yaseme hapana.
Dada yangu Ngoie amenihamishia chumba cha nyuma
palipokuwa pakilala baiskeli na magunia ya makala.
Bukari inakuja kwa mkono wa binti yake Kabedi, miaka minane:
anaiweka kizingitini, anagonga mara mbili, anakimbia
kama mtu aliyewasha fataki.

Turubai sina. Nina mifuko ya unga,
naipasua, nageuza ndani nje,
na bado jina la kinu linapenya chini ya rangi,
herufi zimepinduka, kama wasengenyaji nyuma ya pazia.

Nyekundu Kabedi ananichotea uani kwa kopo la sardini;
udongo wa huku haujawahi kumnyima mtu.
Nyeusi, makala. Buluu ni ile ya kufulia mashati ya shule.
Kijani nilikamua majani ya sombe, kesho yake kikawa kahawia,
nikakubali. Hata jani lina haki ya kubadili nia.
Na chungwa? Vidonge vya asubuhi
vinageuza mkojo wangu chungwa lililoiva.
Sijautumia.
Nimeufikiria.

Mkono mtupu haulambwi, wanasema.
Wangu una rangi mpaka kiwiko, na wa kuulamba hayupo,
hata wa kuushika.
Kuna siku brashi ilinilemea kuliko sururu ya mgodini:
nikapaka tofali moja, nikalala.
Kesho yake moja tena.
Sikujua kama nachora au nahesabu siku kwa rangi.

Nilikuwa kwenye mfuko wa kumi na nne
Mama Mbombo alipoleta kijana na ndoo ya chokaa.
Saa sita mchana hapakuwa na tofali,
hapakuwa na ule ufa nilioujua kuliko mstari wa kiganja changu.
Mjusi alihama, au alipakwa.
Nikapiga kelele dirishani: Mama! Umenifutia kazi!
Akajibu bila kujua nasema nini:
Pole, baba, tuna harusi.

Siku tatu sikugusa kitu.

Usiku wa nne umeme ukakatika mtaa mzima.
Nikawasha taa ya betri, ile yenye jicho moja kali,
nikaiacha mezani, nikasimama dirishani kuvuta hewa,
na kule kwenye chokaa mpya
nikaona nondo za dirisha langu
na mtu mwembamba, kichwa kikubwa,
mabega kama ya koti lililotundikwa msumarini.
Sikumtambua mara moja.

Kabedi alikuwa uani anaanua nguo. Alimwona.
Hakuuliza. Aliweka beseni chini,
akasimama mbali, pale mwanga ulipopita,
akanyosha mkono pembeni, kwenye hewa tupu,
na ukutani mkono wake ukaingia ndani ya wangu.
Nikasogeza vidole kidogo. Vikakaa vizuri zaidi.
Kikohozi kikanijia, nikageuza uso kwa mazoea.
Ukutani kikohozi hakionekani.

Sasa ni mfuko wa kumi na tano, na shida yangu ni nyeupe.
Harusi imepita, ndoo imerudi kwa mwenyewe.
Nimepaka tabaka la kwanza kwa kidole;
chumba kinanukia mnanaa.
Na huko bafuni Ngoie anauliza, kwa sauti ya kufikisha mtaa wa pili,
nani amemaliza dawa ya meno.

Mlango unagongwa mara mbili.
Leo sisikii miguu ikikimbia.