Kwa Ambokile, Aliyeniomba Kitabu cha Baiskeli

Ulisimama mbele ya meza yangu pale Sokomatola,
magunia mawili ya viazi bado yanakudai jasho,
ukauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia dawa ya aibu:
"Dada Subilaga, una kitabu cha mbio za baiskeli?"
Sikukujibu. Mvua ilikuwa inashuka kutoka Loleza
nami nafunika vitabu kwa nailoni.
Leo nina nafasi. Kalia ndoo hiyo.

Usianze na cha bingwa.
Kipo, kinene, amenyanyua mikono, meno yote nje,
na kila mteja hushika hicho kwanza.
Kila ukurasa anashinda. Mlima wa pili ulinikuta nimesinzia.

Chukua hiki kisicho na jalada.
Jina la mwandishi limeliwa na panya,
limebaki "oni" tu, basi tumwite Oni.
Alikuwa mchota maji wa timu.
Miaka kumi na moja alirudi nyuma kwenye gari,
akasheheni chupa kifuani mpaka jezi ikavimba kama mimba,
akapanda tena kuwanywesha wenzake,
kisha akamaliza wa themanini na nne.
Siku aliyomaliza wa themanini na tatu
anaisimulia kwa kurasa sita.
Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.
Niliwakumbuka ninyi mnaoshusha viazi alfajiri
na bei inapangwa na mtu
ambaye mteremko ule hajawahi kuushuka.

Hiki chembamba ni cha fundi. Hadithi hamna,
ni spoku, mnyororo, grisi, gololi.
Lakini fika pale anaposema gurudumu husimama kwa ugomvi:
kila spoku inavuta kwake
na hakuna inayoruhusiwa kushinda.
Nilimsomea Mwasenga, fundi wa Mwanjelwa,
spana ikabaki hewani.
"Huyo," akasema, "amewahi kulala njaa kwa ajili ya rimu."

Na cha mwongo usikiogope.
Alijidunga sindano, akavishwa jezi ya ushindi, akavuliwa.
Nusu ya kwanza anakana, nusu ya pili anakiri,
na kalamu yake ni tamu kotekote, ndiyo hatari yake.
Kisome mchana. Kisome ukiwa umeshiba.

Unaniuliza: cha huku kwetu je?
Ambokile, nimefungua marobota miaka tisa.
Milima ya Alpi nimeipanda yote kwa kidole.
Mlima Nyoka haumo. Kitonga haimo.
Hakuna aliyeandika soli ya kandambili inavyonuka
inapogeuzwa breki kwenye mteremko wa Kawetere,
wala baridi ya Juni inayofanya vidole visahau kengele iko upande gani,
wala yule dada wa Igawilo mliyesema anawapita nyote
na mtungi wa maziwa nyuma, bila hata kugeuka kuwatazama.

Ukaondoka na Oni. Kwa mkopo, nilisisitiza.

Jana umekirudisha, wiki tatu zimepita,
ukurasa wa mia na kumi na mbili una tope.
Nilikuwa tayari kukutoza, mdomo umeshafunguka,
ndipo nikaona penseli pembeni.
Pale Oni anapoandika, "Hapa pumzi ziliniisha,"
umemjibu kwa mwandiko wa kukwaruza:
"Mimi huniisha kona ya tatu, penye mkaratusi uliopigwa radi.
Nashuka, nasukuma. Wewe ulikuwa na gari nyuma,
mimi nyuma nina viazi."

Nimekisoma tena usiku, safari hii pembeni tu.
Ukurasa wa mia na arobaini mmegombana vibaya
na nadhani wewe ndiye uliyekosea.
Sikiuzi tena. Nimekiweka chini ya mto.
Akija mtu kuuliza kitabu kizuri cha baiskeli
nitamwambia kipo, ila hakijaisha.

Njoo Jumamosi uchukue cha fundi.
Na nunua penseli nyingine, hiyo ilikuwa butu,
neno moja karibu na mwisho nimeshindwa kulisoma:
ni "nitarudi," au ni "nitashindana"?