Goti la Mbele

Kwenye chumba cha gemu cha Shigela, Mabatini,
mia tatu kwa dakika kumi,
kuna diski moja ya mbio za magari
ambayo menyu yake yote ni Kijapani.
Hakuna anayeisoma. Tumeizoea
kama mtu anavyozoea mlango wenye kitasa kibovu:
unainua kidogo, unasukuma, unaingia.

Ukibonyeza pembetatu, gari linavuliwa bodi,
vinabaki vyuma, na kando yake mistari minne,
mbele na nyuma, moja hadi kumi.
Mimi nilijua ile ni nini.
Miaka sita Nyakato, chali chini ya Noah na Fuso,
oili ya shokapu imeingia kwenye kucha, haitoki hata kwa petroli.
Nikawatangazia: huu springi, huu shokapu,
huu stabilaiza, ule wa chini kimo.
Mteja akisema gari linayumba, nakaza.
Sijawahi kulipwa ili nilegeze.
Basi nikaweka kumi, kumi, kumi,
gari likawa gumu kama Jiwe la Bismarck.
Kona ya tatu, ile ya mteremko,
nikakata usukani; pua ikaendelea na safari zake.
Ukuta ukanipokea.

Nkwimba alikuwa juu ya kreti ya soda, anamenya karanga,
ananukia dagaa wa asubuhi
(nani amwambie? rekodi zote ni zake).
Akasema: Fundi, umelifunga gari plasta.

Mistari ile yeye ana majina yake.
Wa kwanza Goti. Wa pili Pumzi.
Wa tatu Mkanda. Wa mwisho Tumbo,
kwa sababu likishuka sana linaburuza.
Goti la mbele akalipa tatu, la nyuma saba.
Pumzi tano, "lisihemeheme kama limeona polisi."
Mkanda wa mbele akaulegeza kabisa,
wa nyuma akaukaza hadi tisa.
Nikacheka. Gari la namna hiyo
ningelirudisha kwa mwenyewe na barua ya pole.

Akaingia kona ya tatu bila haraka,
akagusa breki kama mtu anayepima joto la pasi,
uzito wote ukamiminika mbele,
na pale pale, mguu wa nyuma wa ndani ukanyanyuka
kama mbwa kwenye nguzo ya umeme.
Mkia ukazunguka wenyewe.
Hakupigana nao. Aliurudisha usukani nusu,
akapita ubavu ubavu mbele ya ukuta wangu,
karibu kiasi kwamba Shigela alifumba macho,
na chumba chote kikapiga kelele isipokuwa mimi.

Nilikuwa nahesabu. Bado nahesabu.

Asubuhi nikaitwa Mwaloni, Fuso ya sangara imepasua shokapu.
Nikiwa chini ya tairi niliona miguu tu:
miguu mingi, ndala, buti za mpira,
na katikati yake ndala moja ya bluu, moja ya kijani.
Nikachungulia. Beseni kichwani, limejaa pomoni,
anatoka mtumbwini kwenye ubao uliolowa,
na ubao ukiisha kuna kona kali
kati ya gari la barafu na rundo la magunia.
Kabla ya kona, goti la mbele likakubali.
La nyuma likakataa kidogo, likasukuma.
Kiuno kikageuka kwanza, beseni likafuata baadaye,
kama kitu kilichoombwa, si kilichoamriwa.
Halikumwagika hata dagaa mmoja.
Hakuniona. Au aliniona,
kwa sababu aliporudi na beseni tupu
alipita kona ile ile kwa mbio, ubavu ubavu.

Jioni nikalipa mia tatu.
Nikabonyeza pembetatu.
Mbele tatu, nyuma saba, mkanda kama wake.
Mikono yangu, ambayo imezoea spana kumi na saba,
ilitetemeka kwenye kitu chepesi kile.
Kona ya tatu. Breki. Nikasubiri mguu unyanyuke,
ukanyanyuka, Mungu wangu, ukanyanyuka,
nikagonga ukuta.

Ila safari hii niligonga kwa nyuma.
Nkwimba akaacha kutafuna.
"Pumzi," akasema, "ongeza moja,"
akasogea, akanipisha nusu ya kreti.