Nguzo ya Tatu

Siku ya ishirini na nane, Shayo wa maabara
alinipigia alfajiri, hakusalimu:
"Sampuli za nguzo ya tatu zimepasuka mapema."

Nikatazama chini, Mto Karanga, maji ya kahawia,
masika ikibakiza wiki mbili, labda tatu.
Kwenye jedwali langu ukutani
nguzo ile ilishapakwa rangi ya kijani.

Mkandarasi akasema, tupige lipu, nani atajua?
Mhasibu akataja riba. Mtu wa mkoa akataja mgeni,
utepe, na tarehe iliyoshachapwa kwenye kadi.
Nikaagiza nyundo.

Siku tisa walibomoa. Vumbi likafika migombani,
Mama Ndeanasia akaja, jembe bado mkononi:
"Mwanangu, ndiyo kazi uliyosomea, kuvunja?"
Nikacheka.
Kisha sikucheka.

Miaka kumi na saba sijashika mwiko.
Nashika simu, saini, hasira za watu;
mifuko ya saruji naihesabu hadi ndotoni.
Baba, fundi matofali wa Majengo,
aliniuliza mwaka ule wa mwisho wake
ni daraja lipi hasa nimejenga kwa mikono hii.
Nilimmiminia chai, nikazungumzia mvua.

Leo lori la ndizi limepita, limeinama upande,
nyuma yake watoto wa shule, soksi zimeshuka,
mmoja akibishana na mwenzake juu ya penseli.
Hakuna aliyetazama chini.

Hilo, Baba.
Hilo la kutotazama chini.