Kubisha

Niliinunua kwa pauni mia mbili na themanini
na ahadi ya kuiondoa uani kabla ya Pasaka:
mashua ya futi kumi na sita, mbao tupu,
imelala kifudifudi chini ya turubai la buluu
huko Woodbridge, ambako mto Deben hupwa
ukaacha matope yanayong'aa kama sufuria iliyosuguliwa.
Bi Doreen alinipa ufunguo wa banda. Mkono hakunipa.
"Ilikuwa ya Ralph," akasema. Kisha: "Inavuja."

Mimi ni fundi wa meno bandia.
Najua msasa, najua gundi,
najua kungoja kitu kikauke.
Mbao sikuzijua.
Kisu kilizama ubaoni kama kwenye boga.
Mataruma matatu yameoza, misumari ya shaba imeota ukijani,
na mtu, zamani, aliziba ufa kwa kipande cha zulia.
Nilicheka peke yangu.
Nikakutana na ufa wa pili,
nikalitazama zulia la gari langu kwa jicho la tamaa.

Desemba. Jua linazama saa kumi kasoro dakika kumi.
Shemsa na mimi tunachemsha mti kwa mvuke:
birika la umeme, bomba la plastiki, matambara.
Unatoka wa moto, una dakika moja tu ya utiifu.
"Kunja, mama, kunja!"
Samaki mkunje angali mbichi, nilifundishwa;
hakuna aliyeniambia kwamba hata mkavu wa miaka hamsini,
ukimpa mvuke,
hukubali.

Chini ya benchi la tezi, kwa penseli:
*Mei 1971, maji inchi mbili.*
*Juni 1971, inchi tatu.*
*Agosti 1984, D. amekasirika. Inchi moja.*
Ralph aliuandika uvujaji ubaoni
kama wengine wanavyopima watoto wao mlangoni.
Pale sikupaka rangi.

Wazee wa karakana walinionya: ukiitia betri umeiua.
Injini ya petroli, kikohozi kilichoshika kutu,
nikaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.
Nikafunga mota ya umeme, ndogo kama chupa ya chai,
na betri mbili chini kabisa, juu ya mkuku.
Waliosema tezi na omo marejeo ni ngamani
hawakuwa na habari ya lithiamu,
ila walijua uzito unatakiwa kukaa wapi.

Aprili, maji ya bamvua, tukaishusha.
Ikavuja, bila shaka. Mbao zilikuwa na kiu.
Siku mbili ikaunywa mto,
ya tatu ikashiba, ikafumba mdomo.

Bi Doreen alikuja na mto mdogo wa kukalia
juu ya mto mkubwa.
Akaketi tezini, koti limefungwa hadi kidevuni,
akakunja uso kuusubiri mlipuko ule,
moshi ule, matusi ya Ralph.
"Utaiwasha lini?"
"Tumeshaondoka," nikasema.
Akageuka. Gati lilikuwa limeshakuwa dogo,
na mbwa wa mtu akitubwekea bila sauti.

Nikazima mota, tukatweka tanga.
Upepo ulitujia usoni, hivyo tukaenda mshazari,
huku, kisha huku.
Katika lugha yangu, nikamwambia,
kugonga mlango wa watu ni kubisha,
kukataa neno la mwenzio ni kubisha,
na hiki tunachofanya sasa, kumpanda upepo kwa mapande,
nacho ni kubisha.
Alilitafuna hilo upana wote wa mto.
"Miaka arobaini na mitatu nimebishana naye," akasema,
"sikujua kama tulikuwa tunakwenda."

Maji ngamani: nusu inchi.
Shemsa akatoa penseli,
akauliza leo ni tarehe ngapi.